Virginia ilipofungulia bastola mlango wa baa: kisa cha 153 na 145

Mwaka 2009, mtu mwenye kibali cha kubeba bastola iliyofichwa akifika kula chakula cha jioni kwenye mgahawa unaouza bia katika jimbo la Virginia, Marekani, alikuwa na njia tatu. Aifungie bastola garini. Ageuze gari atafute pa kula pengine. Au avue koti.

Hiyo ya tatu si utani. Sheria ya Virginia ya wakati huo ilikataza kuingia na bastola iliyofichwa mahali penye leseni ya kuuza pombe ya kunywea hapo hapo. Bastola inayoonekana wazi kiunoni haikuguswa. Kwa hiyo mtu yule yule, na silaha ile ile, kwenye meza ile ile, alikuwa mkosaji akiwa amevaa koti na raia mwema akilivua. La kushangaza zaidi, aliyeibeba wazi hakuzuiwa kuagiza bia. Sheria iliyokusudiwa kutenganisha bastola na pombe ilikuwa imeishia kutenganisha bastola na nguo.

Naanza na koti kwa sababu kila mjadala wa silaha kwenye baa huanza na neno "kuzuia", na ni wachache wanaosimama kuuliza sheria iliyokuwepo ilizuia nini hasa, na ilimzuia nani. Virginia inafaa kwa swali hilo kuliko majimbo mengi. Ilikuwa na katazo, ikaliondoa siku inayojulikana, na mwaka mmodi baadaye gazeti likaenda kuhesabu.

Lililobadilika Julai 2010

Watetezi wa silaha, Virginia Citizens Defense League wakiwa mstari wa mbele, walikuwa wamehangaika na katazo hilo kwa miaka. Baraza la kutunga sheria la jimbo lilipitisha muswada wa kuliondoa, Gavana Tim Kaine akaupigia kura ya turufu mwaka 2008. Ukarudi mwaka 2009, akaukataa tena. Januari 2010 ofisi ikapata mwenyewe mpya, Bob McDonnell. Muswada ulipomfikia akautia saini, na tarehe 1 Julai 2010 sheria mpya ikaanza kazi.

Ilisema hivi: mwenye kibali anaweza kuingia na bastola yake iliyofichwa kwenye mgahawa au klabu yenye leseni ya pombe, lakini akiwa humo hatakunywa hata tone. Akinywa ametenda kosa dogo la jinai la daraja la pili, ambalo adhabu yake ni kifungo kisichozidi miezi 6, faini isiyozidi dola 1,000, au vyote viwili. Akikutwa amelewa huku amebeba, daraja linapanda na kibali kiko hatarini. Mwenye mgahawa naye alibaki na haki yake ya kusema "kwangu silaha hapana", na mteja mkaidi angekuwa mvamizi wa mali ya mtu.

Kwa hiyo kilichoondolewa ni katazo la mlangoni, na kilichowekwa ni katazo la kwenye glasi. Kelele za pande zote mbili zilifunika jambo hili. Waliopinga walionya kwamba ugomvi wa kawaida wa baa, ule wa kusukumana na kutukanana, sasa utaishia kwa maiti. Waliounga mkono walisema mhalifu atafikiri mara mbili akijua kwamba yeyote ndani anaweza kuwa na silaha. Ukiwasikiliza wote wawili, Virginia ilikuwa inakwenda kubadilika sana, ubishi ulikuwa ni kwa upande gani tu.

Namba zenyewe

Mwaka ulipokwisha, gazeti la Richmond Times-Dispatch lilichukua takwimu za Polisi wa Jimbo na kulinganisha vipindi viwili vya miezi 12. Kabla ya sheria, makosa makubwa yaliyohusisha silaha za moto kwenye baa na migahawa ya jimbo zima yalikuwa 153. Baada ya sheria, kuanzia Julai 2010 hadi Juni 2011, yalikuwa 145. Yamepungua kwa asilimia 5.2.

Wenye vibali walisherehekea. Namba ikasafiri, na kila ilipopita ilipungukiwa na maelezo. Mwisho ikawa sentensi moja: bastola ziliruhusiwa baa, uhalifu ukashuka.

Tuishike hii namba polepole. Tofauti ni matukio 8, katika jimbo ambalo sensa ya 2010 ilikuta lina watu milioni 8 na elfu kidogo. Matukio ya aina hii hayaji kwa mpangilio kama mshahara. Huja kwa kubahatika, na hesabu yake hucheza yenyewe mwaka hadi mwaka hata kama hakuna aliyegusa sheria. Njia ya haraka ya kukadiria mchezo huo ni kuchukua kipeuo cha pili cha idadi. Kipeuo cha pili cha 153 ni kama 12. Maana yake mwaka unaofuata ungeweza kuleta 141 au 165 bila mtu yeyote kuwa na sababu ya kushangaa. Na ukizingatia kwamba mwaka wa pili nao unacheza kwa namna yake, nafasi ya kubahatika inapanuka zaidi, inafika kama 17. Matukio 8 yamo ndani kabisa ya uwanja huo. Hapo hakuna habari ya kupungua, wala hakuna habari ya kuongezeka.

Kuna pigo la pili. Miaka hiyo uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa unashuka Marekani nzima. Hesabu za FBI zilionyesha mwaka 2010 umeshuka kwa asilimia 6 ukilinganisha na 2009, na mwaka 2011 ukashuka tena kwa asilimia 3.8. Chukua 153 za Virginia uzishushe kwa asilimia 4, utapata kama 147. Zishushe kwa asilimia 6, utapata kama 144. Halafu tazama 145 imekaa wapi. Baa za Virginia zilifanya vile vile nchi ilivyofanya, yakiwemo majimbo ambayo hayakugusa sheria zake za baa hata kwa nukta.

Ila sitaki kuwaachia waliopinga nao waondoke na ushindi ambao si wao. Namba ndogo namna hii haiwezi kupima mabadiliko madogo, lakini mabadiliko makubwa ingeyaona. Kama utabiri wa damu sakafuni ungetimia hata kwa nusu, tuseme matukio yapande kufikia 230, hakuna bahati ambayo ingeweza kuyaficha. Hayakupanda. Kwa mwaka wa kwanza, katika jimbo hilo, kuondoa katazo la mlangoni hakukuleta mafuriko. Ukiisoma kwa kinyume, na hapa ndipo jibu la swali letu lilipo: katazo lile halikuwa limezuia uhalifu wa kiasi kinachoonekana. Ukuta ukibomolewa na maji yasipite, ni haki kuuliza kama upande wa pili palikuwa na maji.

Baa ambayo haipo kisheria

Kabla ya kuuliza kwa nini, kuna jambo la Virginia linalostahili kutajwa, kwa sababu wageni hulikosa. Kwa sheria za vileo za jimbo hilo, baa tupu, kwa maana ya mahali pa pombe kali bila chakula, haina leseni yake. Anayetaka kuuza pombe kali za kuchanganywa lazima awe na mgahawa, na wakati huo mauzo ya chakula na vinywaji visivyo na kilevi yalipaswa kufikia angalau asilimia 45 ya jumla ukiyaweka pamoja na ya pombe hizo. Ndiyo maana hata pale penye giza na muziki wa kupasua masikio utakuta orodha ya vyakula na mtu jikoni anakaanga viazi.

Jimbo la Tennessee waliingia kwenye shimo hili hili mwaka 2009. Sheria yao ya 2009 iliruhusu bastola kwenye migahawa inayouza pombe ambayo kazi yake kuu ni chakula. Novemba mwaka huo jaji mmoja wa Nashville akaitupilia mbali kwa sababu haieleweki: mteja atajuaje, akiwa amesimama mlangoni na njaa yake, kwamba mahali hapa wanauza zaidi chakula au zaidi whisky? Aombe kuona vitabu vya hesabu? Mwaka 2010 wabunge wakaandika upya, wakafuta tofauti hiyo, Gavana Phil Bredesen akaukataa muswada kama alivyoukataa ule wa kwanza, na kama mara ya kwanza wakampita kwa kura zao.

Narudi Virginia. "Baa" ya mijadala ya silaha ni picha iliyomo vichwani: moshi, ulevi, ngumi. Sheria iligusa maelfu ya meza ambazo picha hiyo haizihusu, za familia zinazokula piza huku baba amemiminiwa bia moja. Mabadiliko yoyote ya uhalifu kwenye zile chache zenye ngumi yangezama ndani ya utulivu wa zile nyingi.

Fomu ya polisi inaona nini

Hapa ndipo naomba subira, maana ni kazi ya karatasi, lakini bila karatasi hii 153 na 145 ni maneno ya barazani.

Polisi wa Virginia huripoti matukio kwa mfumo wa kitaifa ambamo kila tukio hupewa msimbo wa mahali. Baa na klabu za usiku wana msimbo wao, namba 03. Mgahawa una wake, namba 21. Msimbo wa mgahawa hauulizi kama mahali hapo pana leseni ya pombe. Duka la baga lililoporwa saa nne usiku na kijana mwenye bastola, mahali ambapo hakujawahi kuuzwa hata chupa moja ya bia, linaangukia kwenye namba 21 sawa na mgahawa wenye kaunta ya vileo. Uporaji wa aina hiyo hauna uhusiano na mwenye kibali aliyekunywa akapandisha hasira, na hauna uhusiano na sheria ya 2010.

Kisha kuna namba 18, eneo la maegesho. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya mlinzi wa mlangoni atakwambia ugomvi wa ndani humalizikia wapi. Watu wawili wanasukumana kwenye kaunta, walinzi wanawatoa, mmoja anakwenda kwenye gari. Risasi ikipigwa pale kati ya magari, kwa fomu ya polisi hilo si tukio la baa. Ni la maegesho. Na huyo aliyeiacha bastola garini kwa kutii katazo la zamani, ndiye ambaye bastola yake ipo pale pale penye hatua ya pili ya ugomvi. Kama katazo lilikuwa linahamisha baadhi ya matukio kutoka ndani kwenda nje, au kama kuliondoa kulihamisha kinyume chake, namba za 03 na 21 peke yake haziwezi kutuambia. Zinahesabu sehemu ya nyumba, tena bila uwanja.

Fomu hiyo ina sehemu ya kuandika kama mtuhumiwa alishukiwa kuwa ametumia kilevi. Ina sehemu ya aina ya silaha. Haina sehemu ya kibali. Haina sehemu ya kama silaha ilikuwa imefichwa au inaonekana. Yaani mambo mawili ambayo sheria ya 2010 iliyabadilisha, kibali na kufichwa, ndiyo mawili ambayo fomu haikuwa na mahali pa kuyaandika.

Ni nani aliyekuwa anazuiwa

Tuseme kuna watu wa aina tatu wanaoweza kuingia na bastola.

Wa kwanza ana kibali na anatii. Virginia kibali hutolewa na mahakama ya mzunguko, kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea, na aliyetiwa hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa au kwa ulevi hadharani ndani ya miaka 3 kabla ya kuomba hakipati. Huyu katazo la zamani lilimfunga barabara. Aliacha bastola garini, au alivua koti. Hakuwa na nia ya kumpiga mtu risasi jana, na leo hana. Ukimhesabu kwenye takwimu za uhalifu, kabla na baada, utapata sifuri pande zote.

Wa pili hana kibali na anaficha. Kwake tarehe 1 Julai 2010 ilikuwa siku kama nyingine. Kuficha bastola mwilini bila kibali lilikuwa kosa kabla ya tarehe hiyo na likabaki kosa baada yake, si baa tu bali hata barabarani. Kosa la kuingia nayo ndani ya mgahawa lilikuwa ni la pili juu ya la kwanza, na asiyejali la kwanza sioni kwa nini angeshtushwa na la pili.

Wa tatu ndiye aliyekusudiwa, na ndiye adimu: ana kibali, ana bastola, anakunywa, kisha jambo linamkera. Pombe haibagui mwenye kibali na asiye nacho. Utafiti mmoja wa Philadelphia uliofuatilia watu waliopigwa risasi katika mashambulio kati ya 2003 na 2006 ulikuta walevi wa kupindukia wana uwezekano wa mara 2.67 wa kupigwa risasi ukiwalinganisha na wasiokunywa, huku wanaokunywa kidogo wakiwa hawana tofauti ya maana. Hao ni wahanga, si wapigaji, lakini inaonyesha jinsi pombe na risasi zinavyotafutana.

Utafiti huo huo una jambo ambalo lilinifanya niusome mara mbili. Kuwa kwenye eneo lenye maduka mengi ya pombe ya kununua na kuondoka nayo kuliongeza hatari maradufu. Kuwa kwenye eneo lenye baa nyingi hakukuibadilisha. Tafsiri yangu ni kwamba baa, pamoja na ubaya wote inaopewa, ina mtu anayetazama. Ina taa, mhudumu anayeweza kusema "umetosha", mlinzi, na leseni ambayo mwenyewe hataki kuipoteza. Chupa iliyonunuliwa dukani inanyweka kwenye kona isiyo na yeyote kati ya hao. Kama hatari imejaa kwenye kona, sheria ya mlango wa baa inalinda mahali ambapo tayari pana mlinzi.

Mtu wa tatu simbuni tu kichwani. Mbunge aliyesimamia sheria ya Tennessee, Curry Todd, alikamatwa Nashville Oktoba 2011 kwa tuhuma za kuendesha gari akiwa amelewa na kuwa na bastola akiwa katika hali hiyo. Bastola ilikuwa na risasi, imesokomezwa kati ya kiti cha dereva na kisanduku cha katikati. Wapinzani wake walicheka wiki nzima, na ni vigumu kuwalaumu. Lakini tazama bastola ilipokutwa. Ilikuwa ndani ya gari, barabarani. Iwe baa inaruhusu au inakataza, pombe humfuata mtu mpaka mahali bastola ilipo.

Mke aliyeiacha garini

Waliotaka katazo liondoke hawakutegemea namba. Walikuwa na kisa, na kisa hicho ni kizito.

Aprili 2009, mjini Nashville, mwanamke mmoja alikuwa kazini kwenye baa, yeye na mumewe wakiendesha shughuli yao ya karaoke. Alikuwa na kibali cha bastola, na bastola alikuwa ameiacha garini kwa sababu sheria ya Tennessee wakati huo ilikataza kuingia nayo. Mwanamume aliyekuwa akimfuatafuata akatokea. Mwanamke akawaambia wenye baa wamtoe. Walipomwendea, yule mtu akachomoa bastola na kumpiga risasi mumewe mbele ya watu. Akafa pale. Muuaji hakuwa na kibali.

Mjane huyo alikuja kusimulia mbele ya watunga sheria, na sioni jinsi mtu angemsikia akabaki vile vile. Hoja yake haina pa kuponyoka: sheria ilimfunga yeye na ikamwacha muuaji huru. Ni kweli tupu. Yeye ndiye mtu wangu wa kwanza, na muuaji ndiye wa pili, wamekutana kwenye chumba kimoja.

Ila kisa hicho kinathibitisha nusu moja tu ya kile kinachosemwa. Kinaonyesha katazo halikumzuia muuaji. Hakionyeshi kwamba bastola ya mke ingemzuia. Mambo yalikwisha kwa sekunde, mlengwa akiwa mume, na aliyeanza ndiye mwenye nafasi ya kwanza. Huenda angemwahi, huenda tungezika wawili. Kuna swali jingine linalonikaa zaidi. Yule mtu alikuwa ameanza kumwandama mwanamke huyo kabla ya usiku ule, na alipoingia, mwanamke alimtambua, akasema, na watu wakachukua hatua. Walichokosa ni kujua alikuwa na nini kiunoni. Katazo lililoandikwa kwenye kitabu cha sheria halikumpekua. Fimbo ya kupekulia vyuma mkononi mwa mlinzi pale mlangoni, kifaa ambacho klabu nyingi za usiku hutumia kwa hiari yao bila kuamriwa na bunge lolote, ingemgundua kabla hajafika kwenye kaunta.

Tatizo la mhudumu

Kuna hasara moja ya sheria ya 2010 ambayo sikuona ikijadiliwa inavyostahili, na haiwezi kuonekana kwenye 145.

Mfikirie mhudumu wa mgahawa mjini Richmond, Juni 2010. Mteja ameingia na bastola inaonekana kiunoni. Sheria haimkatazi mteja kunywa, lakini mhudumu anaiona bastola. Anaweza kwenda kwa meneja akasema, meneja akaamua: tusimuuzie bia, au tumwombe aondoke. Ujuzi uko mezani, na mwenye uamuzi ni mtu ambaye hajanywa.

Sasa Julai. Mteja yule yule, koti limefungwa vizuri. Sheria sasa inamkataza kunywa, na kwa karatasi hilo ni bora kuliko la mwanzo. Lakini anayejua kwamba kuna bastola ni mteja peke yake. Akiagiza bia, mhudumu ataileta akitabasamu, kwa sababu hana namna ya kujua kwamba anashiriki kwenye kosa. Akiagiza ya pili na ya tatu ni hivyo hivyo. Katazo la kwenye glasi limekabidhiwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye tunayehofia uamuzi wake utapungua kadiri glasi zinavyoongezeka. Waswahili wana msemo wa kumpa mchawi mtoto alee, kwa hesabu kwamba atamwonea aibu. Wenye vibali wengi si wachawi, na wengi wao, nina hakika, huagiza maji au soda. Lakini sheria haikuandikwa kwa ajili ya anayeagiza soda.

Ndiyo maana naona ubishi wa mlangoni ulikuwa mahali pasipo penyewe. Anayetaka kuzuia damu angeanza na glasi: mwenye bastola asinywe, awe ameificha au ameiweka wazi, awe ndani au kwenye maegesho, na mwenye baa awe na njia ya kujua. Virginia ilifika karibu na hapo kwa kuweka katazo la kunywa kwa wanaoficha, kisha ikaliweka mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Mahakamani hawaulizi tena

Mtu angedhani kwamba baada ya miaka hii yote swali lingekuwa limejibiwa kwa tafiti. Taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilipotoa mapitio yake ya sera za silaha mwaka 2018, haikupata utafiti hata mmoja uliofikia viwango vyake kuhusu kama maeneo yaliyokatazwa silaha yanaongeza au yanapunguza madhara. Si kwamba tafiti zilipingana. Hazikuwepo za kupingana.

Halafu Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ikabadilisha mchezo. Katika kesi ya Bruen, iliyotoka New York, ilisema kizuizi cha silaha hakipimwi kwa faida yake kwa usalama. Kinapimwa kwa historia: je, nchi ina desturi ya zamani ya kizuizi kama hicho? New York ikatunga sheria mpya iliyokataza silaha, pamoja na kwingine, mahali panapouzwa pombe ya kunywea hapo. Ikashitakiwa, na mahakama ya rufaa ya mzunguko wa pili ikaliacha katazo la silaha kwenye sehemu za pombe lisimame. Sababu zake zilitoka kwenye sheria za zamani zilizozuia silaha kwa walevi, na kwenye sehemu za mikusanyiko. Mawakili walifukua vitabu vya karne ya 19 kutafuta nani alikatazwa kubeba nini kwenye kumbi za dansi.

Kwa hiyo New York imeweka katazo la mlangoni, Virginia ililiondoa, na katika uamuzi wa lipi linasimama kikatiba, 153 na 145 hazina kiti. Jaji hazihitaji. Mbunge, ambaye bado anaweza kuzihitaji, hazimsaidii kwa jinsi zilivyokusanywa.

Na kuzikusanya vizuri si kazi ya mabilioni. Fomu ya polisi inayouliza leo kama mtuhumiwa alikuwa amekunywa ingeongezewa mistari mitatu: alikuwa na kibali au hakuwa nacho, silaha ilifichwa au ilionekana, na kama tukio ni la maegesho, ni maegesho ya nani. Afisa aliyesimama pale usiku ule, taa za gari lake zikimulika ukuta wa baa, huyajua yote matatu kabla hajapanda tena garini. Hana tu pa kuyaandika.